Borafya na Mbwa Asiye na Kwao

Borafya Ame alikuwa na kazi ambayo mkewe hakupenda kuitaja mbele za watu. Mtu akimuuliza Mwatima mumewe anafanya kazi wapi, hujibu, "Serikalini huko," kisha akageuza mazungumzo. Uongo mtupu. Borafya alikuwa mtunza mbwa. Ukishazipita nyumba za mwisho za mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, kulikuwa na banda la mabati la chama cha watu wenye huruma, Wazungu na Wahindi wachache, waliokusanya punda waliochubuliwa kwa fimbo na mbwa waliotupwa na wenyewe. Huruma ilikuwa yao; ufagio alikuwa nao Borafya.

Watu mtaani walimstahi, lakini kwa mbali. Kila jioni kabla ya kuondoka bandani alijiosha mara saba, moja kwa udongo kama sheria inavyotaka, akavaa kanzu safi, na bado msikitini wapo waliosogea kidogo akisimama ubavuni mwao. Hakuwanunia. Alizaliwa Muyuni, upande wa kusini, kwa wasasi, watu wanaowinda nguruwe wanaoharibu mashamba, na tangu utotoni alijua kuwa mbwa ana kazi yake duniani kama punda alivyo na yake.

Ndipo akaletwa Jabali. Bwana mmoja wa Kizungu alimaliza kazi yake Unguja, akapanda meli kurudi kwao, na mbwa akamwachia bawabu. Wallahi lilikuwa dume la mbwa, kifua kipana kama cha ndama. Na woga wake ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Bakuli likianguka anatetemeka; bati likilia kwa jua anajikunyata pembeni. Woga ukimzidi huja akakuegemea miguuni kwa uzito wake wote mpaka upepesuke, na ukimsukuma kwa ghafla, anauma.

Nyumba mbili zilimchukua na zote mbili zikamrudisha. Kwa fundi mmoja Mgoa aliuvunja mlango watoto walipopasua fataki. Kwenye ghala la karafuu, alikopelekwa kulinda magunia, alimtafuna mkono kuli aliyebwaga gunia nyuma yake. Bibi wa Kizungu aliyesimamia banda akamwita Borafya na kumwambia kwa upole, maana alikuwa mpole kweli, kwamba mbwa asipopata pa kwenda kabla ya mwezi kuandama, atapigwa sindano ya kufa.

Borafya alimpenda mbwa yule. Tuseme hivyo hivyo bila ya kuzungukazunguka. Alipenda ule uzito wake miguuni. Jioni ile alimgusia mkewe.

"Usithubutu kumleta hapa," Mwatima alisema.

"Ni kiumbe cha Mungu, Mwatima."

"Na punda naye kiumbe cha Mungu, na simlazi barazani kwangu. Mume wangu, mie nshavumilia mengi. Hili siliwezi."

Hakumlaumu. Lakini usiku huo wazo likamjia, akajiona mjinga kwa kutolifikiria mapema: Muyuni! Wasasi hawamchukii mbwa, na mbwa mwenye kifua kile wangempokea kwa shangwe. Akamwomba dereva wa lori la kuni, lililokuwa likirudi kusini tupu, akapanda nyuma na Jabali. Njia nzima mbwa alimlalia mapajani akitetemeka, naye akimwambia, "Tulia baba, unakwenda kwa wenzio."

Shemeji yake, Hasan, mume wa dada yake, ndiye aliyekuwa mkuu wa wasasi. Alimzunguka Jabali mara mbili, akacheka kwa furaha.

"Yakhe, huyu, nguruwe watamkimbia kabla hajabweka! Umetuletea mali."

"Mwoga kidogo, shemeji."

"Atazoea. Akinusa damu ataacha."

Kwa wasasi, mbwa haingii msituni bila ya njuga shingoni. Wanaume wakiwa kichakani na mikuki mkononi, kitu kikitikisa majani, mlio wa njuga ndio unaowaambia kuwa huyu ni wetu, msimchome. Ni ada, na ni ada ya akili. Borafya aliyajua hayo kabla hajajua kufunga msuli, na asubuhi ya msako akaomba amfunge Jabali njuga kwa mkono wake mwenyewe. Mtu aliyeshinda na mbwa huyo wiki baada ya wiki akimwona akiruka kwa sauti ya bakuli, hakufikiri. Mkono ulifunga kilichokuwa kikifungwa na baba yake, basi.

Jabali akapiga hatua moja. Njuga ikalia. Akaruka, ikalia zaidi. Akakimbia aiache nyuma, nayo ikawa naye; kadiri alivyokaza mbio ndivyo ilivyokaza kelele. Akapasua kichaka akatokomea maweni, kwenye ile ardhi ya mawe makali na vichaka inayokwenda mpaka pwani, na mlio ukafifia pole pole. Wasasi walicheka. Borafya akakaa chini pale pale kama aliyefiwa.

Siku zilizofuata njuga ilisikika huku na kule mchana kutwa. Wanawake wakakataa kwenda kutafuta kuni. Wengine wakasema ni shetani wa maweni amekasirishwa. Hasan akaja kwa shemeji yake, macho chini.

"Kesho tutamfuata na mikuki. Watu wanaogopa. Nsamehe."

"Nipe leo," Borafya alisema.

Alitoka peke yake. Miguu ilichanika kwa mawe, sauti ikamkauka kwa kuita. Kilichomtia hofu zaidi ni kimya: njuga haikulia popote. Akajua keshakufa, akawa anatafuta maiti. Alasiri akatokea kwenye shamba la mtama na kunde, na katikati yake dungu, kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mazao. Chini ya dungu alilala Jabali, shingo tupu.

Juu ya dungu alikaa bibi mmoja mjane, Bi Wanu, akibangua kunde.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wako huyo? Juzi usiku alikuja mwenyewe akaegemea nguzo mpaka dungu likatikisika. Nkasema leo naanguka. Ile kengele jana nikaikata kwa kisu, ilinitia kichaa."

"Hakukuuma?"

"Alitetemeka tu. Nami nilitetemeka." Akacheka. "Wenzangu wana mbwa mashujaa, wanalala fofofo. Huyu panya akipita anabweka. Jani likianguka anabweka. Tangu aje nguruwe hawajanigusa hata shina moja. Mwoga ndiye nnomtaka."

Jabali alikuwa ameshainuka, amemwegemea Borafya miguuni kwa uzito ule ule, amefumba macho. Walikaa hivyo kwa muda, mtu na mbwa wake, wakiwa wamesahau dunia. Mara Bi Wanu akapiga ukelele. Kima walikuwa wamejaa upande wa pili wa shamba, wakivunja mtama, na Jabali hakuinua hata sikio.

Bi Wanu aliteremka, akawafukuza kwa mawe, akarudi akihema.

"Mwanangu, umeona? Ukiwapo wewe, haogopi. Na asipoogopa hanifai, na mie sina chakula cha kumpa mbwa asiyenifaa. Ukitaka akae hapa, usije tena."

Aliyasema bila ya ukali, na ndiyo maana yaliuma. Borafya alimwomba amshike mbwa kwa kamba, akaondoka bila ya kugeuka, aende kumwambia Hasan aiweke mikuki, akilia waziwazi kwa kuwa maweni hakuna wa kumwona.

Mtama ulipokaribia kuvunwa, uvumilivu ulimshinda. Alimwambia Mwatima anakwenda kumwangalia dada yake, akapanda lori la kuni. Hakutaka kuonekana, alitaka kuona tu. Alisimama nyuma ya miti ya mikoma, ng'ambo ya shamba, upepo ukitoka upande wa dungu kuja kwake ili mbwa asimnuse. Jabali alikuwa amenenepa. Alilala, akainuka, akazunguka nguzo, akalala tena.

Kijiti kikavunjika chini ya mguu wa Borafya.

Mbwa aliruka. Nywele zilimsimama mgongoni, akabweka kwa kifua chake chote, akitetemeka lakini hakukimbia. Alisimama baina ya dungu na mikoma.

"Nani huyo?" Bi Wanu aliita kutoka juu. "Nani huko? Sema!"

Neno moja tu, na Jabali angeijua sauti. Angekuja mbio, angeegemea. Borafya aliziba mdomo kwa kiganja, akarudi kinyumenyume taratibu kama mwizi, mbwa akimfukuza kwa sauti mpaka alipofika barabarani.