Nani Aifungue Injini ya Tharsisi

Mume wangu Tharsisi hajui kumwambia mtu hapana. Nalisema mapema mnielewe, maana nikianza kumsema watu hudhani simpendi. Nampenda. Lakini upole wake umetutia umaskini, na hilo nitalisema hata mbele ya padri.

Mwaka sabini na nne tulikuwa na lori moja la dizeli, kuukuu. Tulilinunua kwa ng'ombe wote aliowaacha baba yake, zizi likabaki tupu. Kwa lori hilo Tharsisi alibeba kahawa ya ushirika kutoka Muyama hadi Kasulu, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Msimu ulipokaribia, injini ilikuwa imechoka kabisa: inakunywa oili, inafuka moshi wa bluu, asubuhi haiwaki mpaka isukumwe mteremkoni. Chama cha ushirika kikamwambia wazi kwamba lori likiharibika katikati ya msimu, kazi anapewa mwingine.

Ikabidi injini ifunguliwe yote. Hapo lazima umchague fundi kwa akili, kwa sababu huku kwetu fundi aliyeifungua injini ndiye anayeifunga. Ukishampa, hakuna mwingine atakayeigusa, hata umlilie.

Mafundi walikuwa wawili. Wa kwanza Athuman wa Kasulu mjini, rafiki wa mume wangu kwa miaka tisa. Mtoto wetu Kipriani alipolazwa kwa surua, Adija, mke wa Athuman, alituletea uji hospitalini kila siku, wiki mbili nzima. Kwa breki na springi Athuman hana mpinzani. Injini je? Alikuwa amefungua moja tu, ya Hamis mwenye duka, na ile haikumaliza miezi minne.

Wa pili Niyibizi, mkimbizi aliyevuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akakaa Kumsenga, upande wa Kibondo. Wenzake walikimbia na masufuria. Yeye alikimbia na vipimo vyake vya chuma, amevifunga kwenye kitenge. Tulikwenda kwake, lori linakohoa njia nzima. Aliweka bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza muda mrefu, utadhani daktari anapima mgonjwa. Akasema silinda zimeliwa. Lazima zipelekwe Mwanza zikachongwe upya, wiki tatu. Akatuonya kwamba mtu akitia ringi mpya za pistoni ndani ya silinda zilizoliwa, lori litakwenda vizuri siku chache kisha litatufia. Na akaahidi kwamba safari ya kwanza yenye mzigo atapanda nasi yeye mwenyewe.

Njiani tukakubaliana: Niyibizi. Tharsisi mwenyewe ndiye aliyelitamka. Ila akashikilia kwamba kwanza apite Kasulu amwambie Athuman kwa mdomo wake, asije akasikia sokoni. Nikaona ni heshima. Mjinga mimi.

Tulimkuta Athuman ameshatandika magunia uani, spana zimeoshwa na kupangwa. Alikuwa amesikia kwamba lori letu linakuja. Adija akaleta chai na maandazi. Tharsisi akaanza kuzungumzia mvua. Akaingia kwenye habari za watu kuhamishiwa vijijini. Akarudi kwenye mvua. Nikamkanyaga mguu, akausogeza. Athuman akainuka, akafunua boneti, akatia spana kwenye nati ya kwanza ya hedi, kile kifuniko cha injini, kisha akageuka akamtazama mume wangu.

"Ndugu yangu, nifungue?"

Nilikuwa nimeshafumbua mdomo. Mimi, ambaye Kasulu nzima inaujua ulimi wangu. Lakini Adija alikuwa amekaa ubavuni pangu, ananimiminia chai ya pili, na ule uji wa hospitali ukanijia kichwani. Nikameza maneno. Nikajiambia mwanamume atasema mwenyewe.

"Fungua," Tharsisi akasema.

Ringi mpya, silinda zilezile. Moshi ukaisha kweli, msimu ukaanza, tukabeba kahawa. Nilipanda naye kila safari, na kila mlima nilikuwa naisikiliza injini. Siku ya kumi na tisa, kwenye mlima wa Muyama, shehena imejaa, mkono wa pistoni ukakatika ukatoboa injini ubavuni, oili yote ikamwagika barabarani. Tharsisi alishuka akakaa kwenye nyasi akalia. Sikumwona akilia hata siku tuliyomzika baba yake. Wiki ileile chama kikampa kazi mwingine, nasi tukaliuza lori vipande vipande.

Athuman alikuja kwetu kama mtu anayekuja msibani. Hakugusa chakula mpaka kikapoa.

"Tharsisi, siku ile nilikuuliza nifungue, huku namwomba Mungu useme hapana," akasema. "Injini ile sikuiweza, na nilijua. Lakini wewe ndiye uliyeniletea. Ningekurudishaje, ndugu yangu?"

Mume wangu akamtazama. Akamwambia polepole kwamba hakuwa amemletea. Alikuwa amekuja kumwambia kwamba ameshampa Niyibizi.

 Nilitaka kuwapiga wote wawili, kisha nijipige mwenyewe, kwa sababu neno moja tu lingetuokoa, na sote watatu tulikuwa nalo mdomoni. Tharsisi sasa anaendesha lori la tajiri mmoja, Abdulrahmani, kwa mshahara, na akipita Kasulu bado analala kwa Athuman.