Kidonge cha Saa Saba Mchana

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na hasira yangu kubwa kuliko zote ni juu yangu mwenyewe, kwa neno moja nililolisema nikicheka. Ilikuwa miaka ya tisini, Ifakara. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, karani wa kunakili takwimu katika ofisi moja ya mjini.

Kwetu wanaume walikuwa hawazeeki. Baba alianguka kwenye jaruba la mpunga kule Mofu, jembe mkononi, bila hata kuguna. Miaka minne baadaye kaka yangu alishuka kwenye baiskeli kungoja pantoni, akaketi juu ya gunia lake la mchele, na pantoni ilipofika hakuinuka. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Watu wakasema huo si ugonjwa, huo ni mkono wa mtu. Mimi niliyesoma nikawabishia sana, lakini kila nikipanda baiskeli nilijishika kifua kwanza.

Daktari mmoja, mama wa makamo, alizisikia habari za vifo hivyo, akanitoa damu na kuituma Dar es Salaam. Majibu yaliporudi akaniita. Mafuta mabaya kwenye damu, yale wanayoyaita lehemu mbaya, hayakuwa mengi. Tatizo lilikuwa lehemu nzuri.

"Hii nzuri ndiyo inayofagia mishipa," alisema. "Wewe wafagiaji wako ni wachache mno."

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu anaugua kwa kupungukiwa mafuta. Akaniambia niache sigara na nitembee kwa kasi kila siku, hiyo ndiyo tiba. Kidonge nacho kipo, vitamini ya kipimo kikubwa, kinaipandisha hiyo nzuri, ila hakuwa na hakika kama kijana kama mimi angepata faida ya maana. Akasema nikafikirie.

Nikaudhika. Mgonjwa gani anaambiwa akatembee? Kutembea tunatembea tangu tumezaliwa! Nikasema nataka kidonge, hapo hapo. Akanielekeza nianze na nusu, baada ya wiki mbili nimeze kizima, wakati wa chakula, na nikishapandisha kipimo nitasikia joto. "Lisikutishe, linapita." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, mguu mmoja uko mlangoni.

Mpunga ulikuwa umeshatoa masuke. Mama alihamia kambini shambani kuamia ndege, na shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Lupiro kunipikia. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mkimya. Nikila, alikaa mbele yangu akanitazama, yeye mwenyewe hali. Nikimaliza alisema, "Mdomo huo ni wa kaka yangu." Siku nyingine aliniita kaka kabisa, na wala hakujirekebisha.

Nusu zile za wiki mbili hazikunifanya kitu. Kidonge kizima nilikianza Jumatatu, saa saba mchana, kwa wali na perege. Nimeshanawa mikono, nikasikia masikio yanashika moto. Kisha shingo, kisha kifua, ngozi nzima inawasha kama nimepakwa upupu. Nikainua uso. Macho ya shangazi yalikuwa pale pale juu yangu, hayapepesi. Uani kuku walikuwa wamenyamaza. Baada ya nusu saa moto ukaondoka wenyewe, polepole, na shangazi akaanza kukusanya vyombo.

Jumanne vilevile. Jumatano vilevile. Msomi mzima mimi! Daktari alisema joto, nami nikadhani joto ni jasho. Hili lilikuwa la kuunguza. Tena halikunijia kazini, halikunijia asubuhi, lilikuja mbele ya macho yale tu. Alhamisi nikampa mgongo nikala. Likaja likaanzia mgongoni. Nikamwogopa, nasema kweli, nikamwogopa mama wa watu aliyenibeba utotoni.

Jumamosi mama alikuja mjini kununua chumvi. Nikamwambia, huku nacheka ili nisionekane mshamba, "Mama, siku hizi shangazi akinitazama naungua."

Mama hakucheka. Alitua kikapu chini. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akaondoka moja kwa moja kwenda kwa baba mdogo.

Bondeni kwetu mtuhumiwa wa uchawi husindikizwa na ndugu zake kwa mganga wa kunyoa, ng'ambo ya mto. Ananyolewa nywele zote, ananyweshwa dawa, na anayemtuhumu hunyolewa pamoja naye. Akirudi, hakuna ruhusa ya kumnyooshea kidole tena. Ila dawa ile, wanasema, inabaki tumboni inamlinda: akirudia, inamuua. Mtuhumu nilikuwa mimi. Nikasema nina kazi ofisini, na mama akaenda kunyolewa kwa niaba yangu.

Shangazi hakubisha hata kidogo. Alijifunga khanga taratibu, akanitazama kwa huruma. "Huenda ni mimi," alisema. "Mtu hajijui."

Maneno hayo yalinitia baridi. Walipoondoka nikaenda kwa daktari kumweleza moto ule, naye akashangaa. "Si nilikwambia?" Akafungua kitabu akanisomea: uso, shingo, kifua, kuwasha, nusu saa hivi baada ya kumeza. Mungu wangu! Nikaendesha baiskeli mpaka kivukoni kama kichaa. Walikuwa wameshavuka, na lori walilodandia ng'ambo limeshaondoka. Nikarudi nyumbani, nikavitupia vidonge sandukuni, sikumeza tena.

Walirejea siku ya nne, mama na shangazi, vichwa vinang'aa. Mama akaenda shambani kwa ndege wake. Saa saba shangazi aliniwekea chakula, akakaa, akanitazama mpaka nikamaliza. Tukangoja, wote wawili tukijua tunachongoja. Hakikuja kitu.

"Unaungua?"

"Siungui, shangazi."

Machozi yakamtoka. "Basi ni kweli. Kaka yangu nilimla mimi. Na mtoto wake nikamla."

Nikapiga magoti. Nikamweleza yote, kidonge, wafagiaji, kitabu cha daktari. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayesingizia paka. "Usinifariji, mwanangu. Nimenyolewa, umepona. Hayo mengine ya nini?"

Nikaona hapa dawa ni moja. Kesho yake, baada ya kula, nikatoa kidonge nikamwonyesha kwenye kiganja. "Tazama vizuri. Hiki ndicho kinachochoma. Nakimeza, halafu utaona mwenyewe." Nikameza. Tukakaa, jua limesimama mlangoni, yeye haniondolei macho. Masikio yalipoanza kushika moto, jamani, nilifurahi! Nikasimama nikafungua shati. "Umeona? Umeona, shangazi? Naungua!"

Alipiga yowe. Akajifunika uso kwa khanga, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. "Umo bado," alisema. "Uchawi umo bado ndani yangu, na dawa yao itaniua." Nikataka kumshika. "Usinisogelee! Toka mbele yangu, nisije nikakumaliza na wewe!"

Daktari alikuja mwenyewe kumweleza, akamweleza mama na baba mdogo pia. Wakamkaribisha kwa adabu, wakamshukuru kwa adabu. Mimi vidonge nikavirudisha, nikaacha sigara, nikashika njia ya kutembea, asubuhi mpaka ukingo wa mji na kurudi, mpaka leo. Lile shauri nililopewa bure siku ya kwanza ndilo nililoishia nalo.

Shangazi hakufa kama alivyongojea. Aliishi miaka tisa tena, na kila msimu wa mpunga alivuka mto kuja kunipikia. Nikimwambia shikamoo, aliitikia marahaba akiwa ameinamia sufuria. Chakula aliniwekea akiwa amegeukia ukutani, na alibaki hivyo hivyo mpaka niseme nimeshiba. Hakunitazama tena hata siku moja, na alikufa akiamini kwamba ndiyo sababu niko hai.