Kaseti ya Tatu ya Mwalimu Kagaruki

Mume wangu alikuwa na kaseti tatu za video za sinema moja. Si sinema tatu, nasema moja. Ukimwuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu aweke kaseti tatu za kitu kilekile, angekukalisha kwenye kochi akueleze, na ungetoka kwetu Rwamishenye, hapa Bukoba, chai imepoa na bado hujaelewa. Mimi nilielezwa kila wiki kwa miaka. Nilichoshika ni hiki tu: ya kwanza ilikatwakatwa, ya pili haikuwa na maandishi, na ya tatu ndiyo iliyomleta Mama Kokubanza mlangoni kwangu kutoka Izigo, khanga ya msiba kifuani, akiomba aonyeshwe uso wa mwanawe Rozi aliyekwisha kufa.

Lakini tusikimbie. Mume wangu Kagaruki alikuwa mwalimu wa jiografia, na kabla ya vita vya Uganda serikali ilimpeleka Ulaya mwaka mmoja kusomea ukaguzi wa shule. Ukaguzi wenyewe sikuona matunda yake. Alichorudi nacho ni sinema. Siku moja baridi ilimzidi, akaingia kwenye jumba moja ajipashe moto, akakuta wanaonyesha picha ya zamani, ya mwaka elfu moja mia tisa thelathini na mbili, isiyo na sauti wala kichwa wala miguu. Bibi harusi amebeba mlango mgongoni. Anatembea nchi nzima akitafuta nyumba ya kuutia huo mlango. Njiani anakutana na padri anayenyoa samaki ndevu, na wazee wanakula chakula wamekaa ndani ya ziwa, maji yamewafika kidevuni. Mwisho anaingia baharini na mlango wake, basi, imeisha. Watu wazima walikaa wakaitengeneza, na watu wazima wengine wakalipa kiingilio.

"Ni picha ya kindoto, Jovitha," alikuwa akiniambia. "Huielewi kwa akili."

"Kwa nini basi unaieleza kila siku?"

"Kwa sababu wewe hujasoma."

Sisi Wahaya tuna hilo neno letu, nshomile, yaani mimi nimesoma. Makabila mengine yanatuita hivyo kwa kutucheka, nasi tunalipokea kama cheo. Mume wangu alilivaa kama koti. Vita vilipokuja na mabomu yakaanza kuanguka Bukoba, tulikimbilia kwa dada yake kule Ngenge kwa miguu. Mimi mtoto mgongoni, cherehani kichwani. Yeye alibeba daftari alimoandika habari za yule bibi harusi wa sinema, asije akazisahau. Nilimtukana kutoka Rwamishenye mpaka Muleba, naye alikuwa anajua nina haki.

Vita vilipokwisha alinunua televisheni nyeusi na nyeupe kwa askari aliyerudi kutoka Uganda, na baadaye deki ya video. Hapo ndipo zikaanza kaseti. Ya kwanza ilitoka Nairobi, duka la Wahindi, ina maandishi ya Kiingereza chini lakini padri na samaki wake wamekatwa, nadhani kwa heshima. Ya pili aliachiwa na mmisionari wa Kilutheri aliyekuwa anarudi kwao. Safi kama maji, padri yupo, ila maandishi hayapo. Kagaruki alipiga mistari kwenye karatasi, kaseti hii huku, kaseti ile kule, akaandika dakika kwa dakika nani ana nini na nani hana. Mmisionari alikuwa amempa anwani ya chama cha wapenzi wa sinema huko Ulaya, wanaochapa jarida. Kagaruki akaapa atawaandikia makala ya kulinganisha kaseti zote za picha ile, kutoka Bukoba, wajue kuna watu.

Ya tatu aliipata kwa Mihayo, Msukuma mfanyabiashara wa samaki kwenye visiwa vya Muleba. Mihayo aliuza sangara, akauza betri, akauza kaseti za magendo, na alikuwa na kamera kubwa ya begani ambayo alipigia picha harusi za watu. Kaseti yenyewe ilikuwa na kipande cha selotepu pembeni. Kagaruki akaiweka, akatazama. Dakika ya arobaini na moja, pale ambapo bibi harusi hukaribia bahari, picha ikaruka kidogo, halafu bahari haikuja. Ikaja migomba.

Migomba, nyumba ya bati, watu weusi wamejipanga kwenye majani mabichi yaliyotandazwa. Bibi harusi mwingine, mweusi, shela nyeupe, anaingizwa ndani na kukalishwa mapajani pa mzee mmoja, kama sisi tunavyompokea bibi harusi. Analia. Hakuna sauti, kama picha yenyewe ilivyokuwa haina sauti. Na kwenye televisheni yetu isiyojua rangi, hukuona mahali ilipounganishwa.

Mtu mwingine yeyote angesema, aa, wamerekodia harusi juu yake. Mume wangu alisimama, akavua miwani, akasema, "Jovitha, walikuja Buhaya."

"Akina nani?"

"Wenye sinema! Huu ndio mwisho wa kweli. Bibi harusi amefika, nyumba imepatikana! Huko kwao wameukata, wameweka bahari. Huu hapa, wa Kihaya!"

Nikamwonyesha pikapu iliyokuwa imesimama nyuma ya migomba. Nikamwuliza pikapu ile ni ya mwaka elfu moja mia tisa thelathini na mbili? Akanijibu kwamba ndoto haina tarehe. Nilipokwenda ufukweni kununua samaki nikamwuliza Mihayo mwenyewe, naye hakuficha.

"Aa, mama, kaseti za kamera ziliniishia siku hiyo ya harusi. Nikabandika selotepu pale kwenye tundu la kuzuia kurekodi, nikarekodia hapo. Ile sinema yenyewe haieleweki, nikajua hakuna atakayeona tofauti."

Nikampelekea mume wangu maneno hayo kama yalivyo. Akasema Mihayo hajui anachouza. Kumbe ni sisi tu, duniani kote, ambao tungeweza kukuta harusi ya jirani ndani ya sinema ya Ulaya tukafikiri Ulaya ndiyo imetufuata. Akaendelea na makala. Miaka miwili. Kila siku umeme ukiwepo, akitoka shule, anaweka kaseti ya tatu, anairudisha nyuma, anaisimamisha kwenye uso wa yule bibi harusi, anaandika, anarudisha tena.

Ilikuwa miaka ya mazishi, na mimi nilikuwa nashona nguo za msiba kuliko za harusi. Ugonjwa uliokuja na mashati ya magendo tuliyoyaita Juliana ulikuwa umeingia kila kibanja cha migomba. Siku moja Klaudia wa Izigo alikuja nimpime gauni la matanga ya shemeji yake. Akatupa jicho kwenye televisheni, pini alizonishikia zikamdondoka.

"Mungu wangu! Huyo si Rozi wa Kokubanza?"

Kagaruki akamwomba kwa upole asiingilie kazi za kitaalamu. Klaudia akaondoka bila kupimwa, na siku ya tatu yake Mama Kokubanza akagonga.

Alikuwa mwembamba, mkaidi wa macho, amekuja na mkungu wa ndizi kwa sababu haendi kwa mtu mikono mitupu hata akienda kuomba. Nikampa kiti. Hakunywa chai kwanza, alisema kwanza, akimwita mume wangu waitu, kwa heshima yetu ya Kihaya.

"Mwalimu, waitu, mimi sikusumbui sana. Yule mume, mimi ndiye niliyemtaka. Rozi hakumtaka. Alikuwa na pikipiki, ana mashati, anavuka mpaka anarudi na sukari wakati sisi tunakunywa chai ya chumvi. Nikamwambia mwanangu, utanishukuru. Miaka minne, mume amekufa, na Rozi naye nyuma yake. Wakwe wakachoma godoro, nguo, na picha zote za harusi, wakiogopa. Sina hata moja."

Akaikaza khanga kifuani, akaendelea.

"Mama wa bibi harusi hafuatani na mwanawe kwa wakwe, unajua desturi. Sikuuona uso wake siku ile. Mimi mwenyewe nilimfundisha kulia. Nilimwambia, ole wako ucheke, watasema sikukulea. Wanasema alilia sana pale mapajani. Sasa kuna kulia kwa desturi na kuna kulia kwa moyo, Mwalimu. Nataka nimwone. Mimi mama yake, nikiuona uso tu nitajua kama nilimuua."

Mtu yeyote angekimbia kuwasha deki. Mume wangu alikohoa.

"Pole sana, mama. Pole kabisa. Lakini hii ni sinema ya Ulaya. Kufanana ni jambo la kawaida."

"Na huyo mzee aliyempakata?"

"Huyo ni ishara ya dunia kongwe."

"Ni Karugendo, fundi baiskeli wa Muleba."

"Labda... labda walimwajiri."

"Mwaka gani?"

Kagaruki akataja mwaka.

"Karugendo alikuwa hajazaliwa, waitu. Nimembeba mimi mgongoni, nikiwa msichana."

Nikacheka. Mungu anisamehe, mbele ya mama mfiwa, kicheko kikanitoka, naye Mama Kokubanza akanitazama, midomo ikamcheza kidogo. Kagaruki hakucheka. Nilimwona anavyokuwa mdogo ndani ya shati lake. Makala ilikuwa na kurasa hamsini na tisa, na thelathini zilikuwa za kaseti ya tatu.

"Kagaruki," nikasema, "weka kaseti kabla sijaiweka mwenyewe."

Akaiweka. Tukakaa watatu. Mama Kokubanza alimtazama yule mwanamke wa Kizungu na mlango wake mgongoni akauliza kwa huruma kama hana ndugu wa kumsaidia kubeba. Kisha picha ikaruka. Migomba. Majani. Watu wake wakaanza kupita naye akawataja kwa majina, huyu marehemu, huyu marehemu, huyu yuko Mwanza, huyu marehemu. Rozi akatokea mlangoni, shela imemfunika. Akakalishwa. Wakaanza kumwinulia shela.

Na hapo picha ikavurugika. Mstari mweupe, mnene, ukasimama pale pale penye uso. Chini yake unaona mikono, unaona magoti ya Karugendo. Uso hakuna. Kagaruki akarudisha, akaachia, mstari ule ule. Akafungua deki, akasafisha kichwa cha kusomea utepe kwa pamba na spiriti. Akarudisha tena. Mstari.

Alijua, nami nilijua. Huwezi kuisimamisha kaseti mahali pamoja kwa miaka miwili, kichwa cha deki kinasugua utepe pale pale kila siku, halafu utegemee kitu kibaki. Alikuwa ameuona uso wa Rozi mpaka akaumaliza.

"Umeharibika, mama," akasema. Sikuwahi kuisikia sauti ile kwake. "Nimeuharibu mimi."

Mama Kokubanza aliutazama ule mstari. Hasira zilinipanda, nikataka kumrushia mume wangu mkasi. Ndipo yule mama akageuka.

"Lakini wewe uliuona. Klaudia anasema uliutazama kila siku."

"Niliuona."

"Umesoma. Umezilinganisha hizo kaseti zako zote. Niambie basi. Alikuwa analia kwa desturi, au kwa moyo?"

Sasa nikwambie yaliyokuwa kwenye makala, maana alinisomea mara nyingi mpaka nikayashika. Aliandika kwamba hakuna mwigizaji duniani anayeweza kulia vile. Kwamba mwanamke yule haigizi, amekata tamaa, na anamtafuta kwa macho mtu ambaye hayupo chumbani, amtoe pale. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake kuu, ndilo alilotaka Ulaya walijue. Na mimi, ambaye sikuwahi kukubaliana naye kwa lolote kuhusu sinema ile, katika hilo nilikubaliana naye. Niliuona ule uso. Nilipouona mara ya kwanza nilitoka nje nikasimama kwenye migomba.

Kagaruki alivua miwani akaiweka magotini.

"Desturi, mama," akasema. "Alikuwa anaigiza."

"Una hakika?"

"Nimetazama mara nyingi kuliko mtu yeyote. Hata hakuwa anaigiza vizuri. Pale shela inapomrudia usoni, alikuwa anacheka."

"Anacheka?"

"Kwa siri. Bega lilimcheza."

Mama Kokubanza akafunika mdomo kwa khanga. Akakaa hivyo muda mrefu, mabega yake mwenyewe yakitikisika, na sikujua kama analia au anafanya lile jingine. Kisha akaomba chai yake, akainywa ikiwa baridi, akamwambia Kagaruki arudie lile la bega. Akarudia. Akamwomba tena, akarudia, hakubadilisha neno. Tulimsindikiza mpaka barabarani, akapanda gari la Muleba, akakaa dirishani, akatupungia.

Makala haikwenda Ulaya. Bahasha ilikuwa tayari na anwani imeandikwa, ikakaa kabatini. Siku moja nikamwuliza kwa nini asiitume, kazi yote ile. Akasema itakuwaje siku moja Mama Kokubanza akiisoma.

Nikamwambia, wewe, Mama Kokubanza hajui kusoma hata Kihaya, itakuwa Kiingereza?

"Hata hivyo," akasema.