Kalunguyeye Anayesita

Binti yetu alipofika huku ng'ambo, North York, akitokea Morogoro kwa babu na bibi yake, alikuwa na miaka sita, na mimi alinijua kwenye simu tu. Mama yake alikuwa akienda kumwona. Mimi vibali vya kusafiri vilinikatalia. Basi kila jioni nikirudi kazini namkuta mlangoni mwa jiko. Anasimama, ananitazama, anarudi nyuma kidogo, ndipo anakuja. "Shikamoo." Kisha huyoo, kwa mama yake. Ilikuwa shikamoo ya kumpa mgeni. Neno baba lilibaki kwa babu yake. Niliogopa, na sioni haya kusema: niliogopa atakuja kunizoea wakati hana tena haja na mimi.

Kazi yangu ni kubuni midoli ya bei nafuu inayojifanya hai. Wakati ule tulikuwa na kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba, wa kuenea kiganjani: mota moja na kitundu cha kuhisi mwanga. Alikuwa anatembea tu, mbele kwa mbele, kama fagio linalosukumwa. Nikampa tabia ya mwanangu. Kivuli kikimwangukia anasimama, anarudi nyuma, anasubiri kiondoke, ndipo anakuja. Wenzangu ofisini wakafurahi, eti sasa ana roho.

Jumamosi nikaja naye nyumbani kumjaribu. Mke wangu alishanionya: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Acha kumpapatikia huyo mtoto." Nani asikie? Nikamweka kalunguyeye sakafuni, nikamwinamia, mikono tayari kumpokea. Akarudi nyuma. Nikamsogelea. Akarudi tena, mpaka chini ya meza. Jasho likanitoka, na nje theluji inaanguka. Mtoto yuko pale pale mlangoni, anashuhudia nikishindwa na mdoli wangu mwenyewe.

"Unamwinamia," akasema. "Anaogopa. Kaa chini, tazama kule."

Nilijua ni kivuli tu; kila waya nilifunga mimi. Lakini nilikaa kama nilivyoambiwa, mgongo ukutani, macho dirishani kwenye maghorofa ya jirani. Nikaisikia mota ikija polepole. Pua ya plastiki ikanigusa soksi.

Halafu bega dogo likaniegemea mkononi, la moto, zito kuliko nilivyodhani.

"Usigeuke bado, baba," akaninong'oneza.

Sikugeuka.