Mwongozo wa Kurasa Thelathini na Moja

Filister Adero alifundisha kupiga chapa katika chuo kimoja cha biashara mjini Migori kwa miaka ishirini na miwili, na miaka hiyo yote hakuwahi kumpa mwanafunzi alama kumi juu ya kumi. Chuo kilipofungwa alirudi Rodi Kopany, akakodi chumba kando ya barabara ya kwenda Rongo, akaweka kompyuta moja na printa moja, akaanza kuchapa vijitabu vya mazishi. Kazi haikukosekana. Kila wiki kulikuwa na familia iliyotaka picha ya marehemu kwenye jalada, wasifu wake ndani na nyimbo nyuma.

Watu waliendelea kumwita Mwalimu, na walimwogopa kidogo. Ukimletea wasifu wenye makosa aliusoma mbele yako, kalamu nyekundu mkononi, na wewe umesimama kama mtoto wa darasa la nne.

Kilichomsumbua ni flashi. Wateja walileta picha kwa flashi zilizozunguka saiba zote za intaneti za Homa Bay, na karibu kila moja ilikuja na virusi vyake. Siku moja virusi vilikula picha zote za bibi mmoja wa Awendo, mazishi yakiwa kesho yake, na jalada likatoka na picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho. Bibi wa watu alionekana kama mshukiwa. Filister hakuisahau aibu ile.

Akasikia kwamba mfumo wa Linux haushikwi na virusi vya aina hiyo. Lakini programu yake ya kupanga vijitabu ilikubali Windows peke yake. Akaamua kuweka mifumo yote miwili kwenye kompyuta ile ile, ili kila akiiwasha imuulize anataka kuingia upi. Linux ingepokea flashi na kutumika kuandikia wasifu. Windows ingepanga kurasa na kuchapa.

Wa kwanza kujitolea alikuwa shemeji yake Gordon, mume wa mdogo wake, fundi wa kompyuta mjini Homa Bay, mtu mzima mwenye mvi chache na mdomo usiopumzika.

"Hiyo ni kazi ya dakika kumi, shemeji," alisema. "Mimi naifanya nimefumba macho."

"Inaonekana," Filister alimjibu. "Rejista ya ubatizo ya kanisa letu uliifuta ukiwa umefumba macho."

"Ile diski ilikuwa mbovu."

"Ilikuwa nzima mpaka ulipoishika. Unafuata mwongozo gani?"

"Mwongozo ni wa watu wasiojua kazi."

"Basi kompyuta yangu usiiguse. Hata kuiwasha usiiwashe."

Gordon akacheka, akamaliza chai yake, akaenda zake.

Filister akaanza kutafuta mwongozo mwenyewe. Alianza na video, kwa kuwa kila mtu alimwambia video ndiyo rahisi. Akamkuta kijana aliyevaa vidude vikubwa masikioni, muziki ukipiga nyuma yake, akiahidi kwamba hata nyanya yako anaweza. Filister, ambaye alikuwa na wajukuu watatu, alitazama kwa makini. Kijana alieleza vizuri jinsi ya kuandaa flashi ya kuwekea mfumo. Alipofika mahali pa kugawa diski, mahali ambapo mkono ukiteleza kila kitu kinafutika, picha ikaruka, na ghafla kazi ilikuwa imekwisha naye anawaomba watu wabonyeze kitufe cha kumpenda.

"Amekata penye hatari," Filister alisema peke yake. Akampa alama mbili, zote za flashi.

Wa pili ulikuwa kwenye tovuti iliyojaa matangazo ya viatu. Mwandishi alitumia aya nane kueleza jinsi alivyoanza kuzipenda kompyuta akiwa mdogo. Picha alizoweka hazikulingana na maneno. Maneno yalisema bonyeza hapa, na kwenye picha hapakuwa na hapo. Filister akashuka moja kwa moja hadi kwenye maoni ya wasomaji, na huko ndiko alikojua ukweli. Walioandika kushukuru walijibiwa siku hiyo hiyo. Mtu mmoja aliyeandika kwamba Windows yake imepotea pamoja na picha za harusi alikuwa bado anangojea jibu, mwaka wa tatu huu.

Alisoma miongozo tisa kwa jumla. Mmoja ulikuwa umenakiliwa kutoka kwa mwingine pamoja na makosa yake ya herufi. Mwingine ulimtaka msomaji azime ulinzi wote wa kompyuta kabla hata ya kumwambia kwa nini. Kufikia wa tano alikuwa ameshapata njia yake ya kuipima: aliufungua ukurasa wa mwisho kwanza, akatafuta kama mwandishi ameeleza namna ya kuondoa Linux na kurudi ulipokuwa. Wengi hawakuwa wameeleza. Mtu asiyejua kurudi, Filister alisema, hajui alikopita.

Wa tisa ulikuwa wa kurasa thelathini na moja, hauna picha hata moja, umeandikwa na mtu ambaye hakutaja hata jina lake. Ulianza kwa kuamuru msomaji atoe nakala ya mafaili yake yote na kuiweka nje ya kompyuta, kisha aifungue nakala hiyo kuhakikisha inasomeka. Ukurasa wa pili ulieleza namna ya kurudi nyuma. Ulichosha kama hotuba ya chifu. Filister aliuchapa, akazipitia kurasa za mwanzo kwa kalamu nyekundu, akakata alama tatu kwa sababu ya koma, akaupa saba.

Kwa kuwa yeye ni Msabato, kazi aliifanya Jumapili asubuhi. Alisoma mstari, akatenda, akauwekea alama ya vema, akasoma unaofuata. Kwenye kugawa diski alikaa dakika arobaini. Ukurasa wa ishirini na nne ulipoisha, aliwasha kompyuta na mifumo yote miwili ikajitokeza kwenye kioo, mmoja juu ya mwingine. Kurasa saba zilizobaki zilianza na kubadilisha rangi za kioo na picha za kukipamba, ziitwazo za ukutani. Akazidharau, akazitia kwenye droo.

Kwa majuma mawili mambo yalikwenda vizuri. Alimpigia Gordon kumwarifu, naye Gordon akasema "sawa, shemeji" kwa sauti ya mtu anayekula.

Halafu akaja Elkana, mwanamume wa Rodi aliyefiwa na kaka yake mkubwa. Jumatano Filister aliandika wasifu kwenye Linux, saa tano asubuhi. Akaingia Windows, akanakili wasifu ule kwenye folda ya kuchapia, na alipokuwa akipanga kurasa Elkana akarudi na karatasi. Majina ya mke wa pili wa marehemu, Leonida, na ya watoto wake wanne yalikuwa yamesahauliwa. Filister akaongeza majina hapo hapo, kwenye nakala ile ya Windows. Ilikuwa saa saba mchana.

Alhamisi alikuwa na faili mbili zenye jina moja katika folda mbili. Hakuwa mtu wa kuziita faili "mwisho" na "mwisho kabisa" kama wanavyofanya wavivu. Aliamini tarehe na saa. Akatazama iliyohifadhiwa baadaye, akaichapa, nakala mia mbili.

Ijumaa saa tatu asubuhi Elkana alisimama mlangoni pamoja na mwanamke aliyevaa leso nyeusi. Mwanamke huyo alifungua kijitabu, akakiweka mezani.

"Mwalimu, mimi ndiye Leonida," alisema. "Humu ndani simo."

"Nilichapa nilicholetewa," Filister alisema.

"Karatasi nilikuletea mwenyewe," Elkana alisema.

Filister akafungua Windows awaonyeshe. Zile faili mbili zilikuwepo. Yenye jina la Leonida ilionyesha kwamba ilihifadhiwa saa nne asubuhi, kabla ya ile nyingine kuandikwa. Akatazama pembeni mwa kioo. Kompyuta ilisema ni saa kumi na mbili asubuhi. Saa ya mkononi mwake ilisema saa tatu na dakika tano.

Ilimchukua muda kuinua simu.

"Ah, hiyo ni kawaida," Gordon alisema. "Linux inaweka saa ya Uingereza ndani ya mashine, halafu inajiongezea tatu za Kenya. Windows inasoma vile ilivyo. Ukiweka mbili pamoja lazima urekebishe."

"Ulijua."

"Kila fundi anajua."

"Na hukuniambia."

"Uliniambia nisiguse, shemeji."

Filister akafungua droo. Ukurasa wa ishirini na tisa, baada ya picha za ukutani, ulieleza jambo hilo kwa aya mbili, na mstari mmoja wa kuandika ili kulimaliza. Aliuandika. Saa zikalingana.

"Kosa ni langu," alimwambia Leonida. "Mwongozo niliusoma, lakini sikuumaliza."

Leonida alivuta kiti. Filister akachapa upya karatasi ya ndani, na wote watatu wakakaa wakitoa pini, wakichomoa karatasi ya zamani na kupachika mpya, kijitabu kimoja baada ya kingine, hadi adhuhuri. Elkana alizipachika kichwa chini mara kadhaa. Filister alimrudishia kila moja bila kumkaripia, akiinyoosha kwa kidole.

Maziko yalikuwa Jumapili. Mchungaji aliruka nusu ya wasifu kwa sababu ya jua na kuyatamka vibaya majina ya watoto wawili. Waombolezaji walijipepea na vijitabu. Filister, nyuma kabisa ya hema, aliwatazama kwa dharau na hakuificha. Leonida peke yake alikuwa ameketi mbele na chake kimefunguliwa magotini, akimwonyesha mtoto wake mdogo mahali pa kusoma.