Usiku Ambao Mkwe na Mimi Tuliheshimiana

Rafiki yangu, vuta kiti ukae karibu, maana haya ni maneno ya ndani ya nyumba yangu. Wengine wa kwetu wakisikia watasema nimeanika nguo ya ndani barabarani. Wewe najua hutanicheka. Nimeomba juu yake, na roho inakataa ninyamaze.

Mimi ni mpishi kwa shule ya bweni hapa Migori. Asubuhi uji, saa sita githeri ya mahindi na maharagwe, jioni ugali na sukuma. Kuandika vizuri nilijifunza ukubwani, kwa ile shule ya jioni watu huita gumbaru. Baba ya watoto alishatangulia. Nimebaki na wawili wadogo hapa kwa ploti, na msichana wangu wa kwanza ameolewa Homa Bay, na kijana wa garage.

Huyo msichana alikuwa ametoka kuzaa, mtoto wake wa kwanza. Mama ya kijana alikufa kitambo, kwa hivyo hapakuwa na mtu wa kumkanda wala kumpikia uji wa wimbi. Alinipigia simu nikiwa jikoni, nikaishika na mkono wenye unga.

"Mama, titi moja imekuwa ngumu kama jiwe. Na mtoto ananyonya kidogo tu, analala."

"Uko na joto?"

"Kidogo. Tulienda kliniki asubuhi, wamenipa dawa. Wamesema joto ikizidi turudi."

"Na nani atajua imezidi?"

Akasema polepole, "Mama, si ukuje."

Mzazi mwingine angeruka. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, uji unachemka unamwagika. Kwa sisi Wajaluo, mama halali kwa nyumba ya msichana wake aliyeolewa. Halali chini ya paa moja na mkwe wake, hakai kwa kitanda chao, hata chakula chake hali mpaka siku atakapoalikwa kwa sherehe. Mkwe naye akikuona njiani anakupisha mbali, macho chini. Mkiwa na neno, linapitia kwa msichana. Ni heshima. Mimi na yule kijana tulikuwa hatujawahi kuongea kwa simu hata siku moja. Na nyumba yao ni chumba kimoja, na pazia katikati.

Jioni nikamwambia jirani yangu. Ni Mkuria, anauza nyanya sokoni, watu wanamwita Mama Pacha kwa sababu ya mapacha wake. Yeye ni Mkatoliki na mimi ni Msabato, lakini tumezikiana watu na tumeleleana watoto.

"Kwa hivyo mtoto wako akiwa mgonjwa utamwangalia kwa dirisha?" akaniuliza.

"Nitakaa naye mchana. Kulala nitalala kwa dada wa kanisa yetu, huko huko Homa Bay, barabara ya Rangwe."

"Nyinyi Wajaluo mnaogopa mkwe kuliko polisi."

"Na nyinyi mnaogopa nini?"

"Mvua ya mawe," akasema, bila kucheka. "Enda, nyar Kendu. Hawa wadogo watakula kwangu. Nikisahau kuwaosha miguu utanisamehe."

Huniita hivyo, msichana wa Kendu, kwa sababu nilizaliwa Kendu Bay.

Kazini niliomba ruhusa, nikaipata baada ya chakula cha mchana siku iliyofuata. Nikiwa stage nikingoja gari, dada ya marehemu mume wangu akapiga simu. Sijui ni nani alimwambia. "Usije ukalala hapo," akasema. "Chira huanza na mtoto mchanga." Chira ni ile laana ya kuvunja mwiko, inakula mtu akikonda hivi hivi. Mimi nimeokoka. Najua Bwana ana nguvu kuliko chira. Lakini nikuambie ukweli, hilo neno nilisafiri nalo kutoka Migori mpaka nikashuka.

Nilifika jua likielekea ziwani. Mkwe alikuwa mlangoni. Akainama, akasema, "Karibu Mama," akapokea mfuko wangu, akauweka kwa baraza kama anaweka yai. Halafu akaondoka na mlango wa nyuma. Nikamshukuru Mungu kwa kijana mwenye adabu.

Msichana nikamtolea mkeka barazani. Uso ulikuwa umeingia ndani. Nikamkanda ile titi na kitambaa cha maji moto, akauma kanga. Mtoto nilimshika, akawa mwepesi, na midomo imekauka kidogo. Nilimwekea tone la maziwa mdomoni, akalamba, akalala tena.

"Joto ikipanda usiku, mwamshe bwana yako," nikasema. "Usimwonee haya. Mwambie awapeleke hospitali hapo hapo."

"Sawa, Mama."

"Anarudi saa ngapi?"

"Atarudi tu. Hajaniambia."

Giza lilikuwa linakaribia na sikutaka anipate hapo nikimzuia kuingia kwake. Nikamrudisha ndani na mtoto, nikafunga mlango wa nyuma kwa ndani, nikamwambia afunge wa mbele mpaka bwana yake abishe, nikaenda kwa yule dada. Tulipiga magoti tukaomba. Nilipojaribu kupiga simu kumjulia hali, nikaambiwa mteja hapatikani. Nikajiambia simu imekosa charge. Nikajiambia bwana yake yuko. Nililala nikijiambia.

Kulipokucha simu bado haipatikani, na kwenda mapema hivyo ningemkuta mkwe hajatoka ndani. Na namba ya mkwe sikuwa nayo, tena hata ningekuwa nayo ningeanzaje? Nikampigia Mama Pacha. Yeye ndiye alikuwa ametumiwa namba ya kijana siku ya kuletewa ng'ombe wa mahari, ili awaelekeze njia. Hana mwiko na mtu.

"Mpigie yule kijana," nikamwomba. "Mwulize tu wameamkaje."

Alichokisikia alinieleza baadaye, na mpaka leo anaweza kukiigiza. Alimpata kijana kwa simu akamwambia, "Wewe baba mpya, umelala vizuri ama mtoto amekuimbia?"

Kijana akajibu, "Mimi nimelala garage, Mama. Ndani ya gari la mteja."

"Garage? Bibi amekufukuza?"

"Hapana. Si mama mkwe amekuja? Nilimwachia nyumba ndio alale na mgonjwa. Singeweza kulala naye hapo."

Mama Pacha alinipigia, na hapo hakuwa na utani wowote. "Nyar Kendu, uko wapi?"

"Kwa dada wa kanisa."

"Basi huyo mtoto amelala na nani?"

Nilitoka bila viatu vya maana, na slipa za wenyewe, nikasimamisha boda. Njiani sikuomba maombi ya kupangwa. Nilikuwa nasema tu, Baba, Baba, Baba, mpaka mwenye boda akageuka kuniangalia. Kwa akili nilimwona msichana wangu akingoja bwana yake, na bwana yake akijua mimi niko, na mimi nikijua bwana yake yuko. Wote wawili tumejipongeza kwa adabu yetu, na mgonjwa katikati hana mtu.

Nikifika mlangoni, mkwe naye akafika, Mama Pacha ameshamwambia, akikimbia, mikono ina oil. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tuliita. Mtoto hakulia. Hapo ndipo nilijua hofu ni nini.

Kijana akashika kitasa, halafu akaniangalia, mara ya kwanza kabisa macho kwa macho. Akasimama hivyo. Nikajua anangoja nimruhusu, kwa sababu tukiingia tunaingia pamoja.

"Baba," nikamwambia, "vunja."

Akapiga bega mara mbili. Tuliingia tumegusana. Msichana alikuwa sakafuni kando ya kitanda, anatetemeka, anaongea maneno hayashikani. Alikuwa amejaribu kufikia mlango. Mtoto alikuwa kitandani, kimya, macho wazi nusu. Nilikaa juu ya kile kitanda, rafiki yangu, kitanda cha mkwe wangu, nikamweka mtoto kifuani, nikasikia anapumua. Kidogo, lakini anapumua.

"Mshike mke wako," nikasema. "Mimi nina huyu."

Hospitali walisema titi ilikuwa na usaha na sumu imeanza kutembea mwilini, na mtoto amekaukiwa maji. Daktari aliuliza usiku nani alikuwa na mgonjwa. Kijana akasema, "Hakuna." Mimi pia nikasema hakuna. Alituangalia kama watu wasioelewa Kiswahili.

Walilazwa. Walipona, jina la Bwana lisifiwe, ingawa mtoto alichukua muda kurudisha uzito, na kila nikimvua nguo kumwosha nilikuwa nahesabu mbavu nikifikiria lile neno la shangazi ya mama yake, chira. Walipotoka, nililala kwa ile nyumba. Mkwe alilala upande wake wa pazia, mimi na msichana upande wetu. Siku ya kwanza hakuna aliyethubutu kukohoa. Ya pili akauliza kutoka huko upande wake, "Mama, joto iko?" Nikamjibu, "Imeshuka. Lala." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza, na yalinitosha.

Shangazi hajanisalimia tangu hapo. Amesema mtoto akiugua tusimwite. Na mtoto akipata mafua kidogo tu, mimi huku Migori sufuria inaungua. Sijamaliza kuogopa. Naomba, halafu naogopa, halafu naomba tena. Sisemi mtupe mila. Mila ilimfunza yule kijana kuinamisha macho, na sikuchukia. Nasema tu muulizane kwa mdomo.

Kwa hivyo, kama una msichana ameolewa mbali, ama unajua mama aliye na mmoja, msomee haya. Msomee na kijana aliyeoa, hata akiona haya. Ukiwa kwa kikundi cha kina mama, kanisani, ama mkichambua mboga sokoni, waambie: kabla kila mtu hajaondoka kwa heshima, mmoja aulize ni nani anabaki na mgonjwa, na angoje ajibiwe.