Gari la Viti Viwili

Ukienda kununua gari la spoti lililokwisha kutumika, likute limelala. Injini iliyowashwa kabla hujafika inaficha mengi, kwa hiyo kwanza weka kiganja juu ya boneti. Hilo nilijifunza kwa kusoma. Chuo cha ufundi sikuwahi kukanyaga. Nilikuwa mtunza stoo mgodini Buzwagi, na saa za utulivu nilizitumia kusoma vitabu vya matengenezo ambavyo mafundi walikuwa wanavitumia kufungia vitafunio.

Muuzaji alikuwa mnunuzi wa dhahabu huko Bugarama, mtu mnene mwenye kofia ya pama. Gari alilinunua duara alilolidhamini, shimo la wachimbaji wadogo, lilipotema dhahabu, na sasa alitaka kuliuza apate karasha ya kusagia mawe. Lilikuwa jekundu, la Kijapani, milango miwili. Boneti ilikuwa baridi. Nikatoa sumaku niliyoifunga kitambaa nikaipitisha juu ya bodi, maana mahali sumaku inapoteleza kuna puti ya kuziba bati lililobonyea, chini ya rangi. Nikajilaza chali na tochi kutafuta alama za kuchomelea kwenye chesisi. Watu wakaanza kukusanyika.

"Mzee, unanunua au unaposa?" mmoja akauliza.

"Mwacheni," muuzaji akasema. "Bado hajaangalia meno."

"Mnadani," nikajibu kutoka chini ya gari, "ng'ombe anayesifiwa sana ndiye mgonjwa."

Wakacheka, nami nikafurahi kuwa nimewachekesha. Nikaliwasha, nikaangalia rangi ya moshi. Nikaliendesha mpaka barabara ya lami, nikashika breki huku usukani nimeulegeza nione kama linavuta upande. Nikapata kasoro mbili tu: tairi za mbele zilikuwa zimelika kwa ndani, na klachi ilikuwa inashikia juu. Akanipunguzia bei. "Wabeja sana," muuzaji akanishukuru kwa Kisukuma, "sijawahi kuona gari likisumbuliwa hivi." Mpaka leo sina lawama na gari lile. Kila nilichokikagua kilikuwa kama nilivyokikuta.

Viti viwili havikunipa shaka. Watoto wetu wamekwisha kujitegemea, na nyumbani Ngokolo, Shinyanga mjini, tumebaki mimi na mama yao. Yeye alilizunguka akasema, "Zuri. Limekaa chini kama bata anayeatamia." Basi nikawa mtu mwenye gari jekundu, na kwa miezi kadhaa nilitembea mjini nikijiona.

Masika yalipokaribia kwisha, mke wangu alikwenda kwao Ushirombo kumuuguza mama yake. Asubuhi moja akanipigia: mguu wa mama umevimba mpaka gotini, zahanati wamesema apelekwe hospitali Shinyanga leo hii, asisubiri. Nikamwambia nakuja. Nilijivuna hata katika kusema hivyo. Nilipita Kahama kwa mwendo mzuri, nikiwaza jinsi ukoo utakavyoona kwamba mkwe wao amefika upesi.

Kwetu mama mkwe na mkwewe hawakaribiani. Tangu nimuoe binti yake sijawahi kumpa mkono. Shikamoo yangu huisema nikiwa mbali, marahaba yake huitikia akiwa ametazama pembeni, na chakula hatuli mahali pamoja. Si ugomvi, ni heshima, na sote wawili tuliitunza vizuri.

Nilipofika walikuwa wamemtoa nje tayari, na chupa ya chai, na mto. Shemeji yangu akalizunguka gari.

"Shemeji, mlango wa nyuma unafunguliwaje?"

"Hakuna."

"Na kiti cha nyuma?"

"Hakuna."

Akaganda akiwa ameukumbatia ule mto. Nikamwambia, basi endesha wewe, mimi na dada yako tutafuata kwa basi. Akasema yeye ni mtu wa pikipiki, gia hizi hazijui, na dada yake hajawahi kushika usukani. Teksi pekee iliyokuwa jirani ilikuwa imekwenda Geita.

Mke wangu aliongea kwa sauti ya chini, nadhani ili kunisitiri. "Baba, ulilala chini ya gari hili na tochi. Hukuona kwamba halina mahali pa mama?"

Mama mkwe alikuwa amesikia. Akajifunika khanga mpaka kwenye paji la uso, akamwambia bintiye, "Mwambie twende."

Walimshusha kwenye kile kiti wakimshika makwapa, kwa sababu kilikuwa chini kuliko kigoda. Kati yetu palikuwa na gia tu. Kila nilipobadilisha, mkono wangu ulilielekea goti lake, naye alilivuta kuelekea mlangoni lile goti bovu lililokuwa linamuuma. Nilipoligundua hilo nikaacha kubadilisha gia. Injini ikalalamika kwenye miinuko kama gari la mtu asiyejua kuendesha.

Alisema mara moja tu, akitazama dirishani. "Mwambie apunguze mwendo." Alikuwa anamwambia binti yake, ambaye hakuwamo.

"Mwambie mama nimesikia," nikajibu, nami nikitazama mbele.

Hospitalini nilisimama mlangoni kabisa nikaomba kiti cha magurudumu. Wakasema kinakuja. Yeye akajaribu kujiinua, akarudi chini, khanga ikamponyoka kichwani. Akajaribu tena. Kisha, uso ukiwa umegeukia upande wa pili, akanyoosha mkono. Nikavua koti, nikakizungushia kiganja changu, nikamvuta. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Nesi akafika na kiti. "Bibi, huyu ni mwanao?"

"Dereva," mama mkwe akasema.

Nesi akanigeukia. "Dereva, toa gari mlangoni."

Nikasema sawa, nikalitoa.

Walimlaza. Jioni, mke wangu akiwa bado njiani kwenye basi, nilipeleka uji. Mlangoni nikamkabidhi yule yule nesi, naye akaita wodi nzima ikasikia: "Bibi, dereva wako ameleta uji!"

Sikumsahihisha. Nilisubiri bakuli nje, kwenye benchi, mpaka liliporudi tupu.